Sakafu Isiyosiribwa

Papasi wa kwanza alimuuma Germaine usiku wa pili, naye akafurahi.

Asubuhi alikuta alama ndogo nyekundu kwenye kifundo cha mguu, ina kitone cheusi katikati, akaitazama kama mtu aliyeletewa salamu za kwao. Mjukuu wake Arlène, mtoto wa miaka saba, alikuwa na alama tatu mgongoni na anajikuna kwa kucha zote. Germaine akamshika mkono polepole.

"Usikwaruze, mama. Ni kimputu tu. Hata huku iko."

Walikuwa wamevuka Ziwa Mweru siku chache kabla, mwezi wa tatu wa mwaka 1999, vita vilipoingia Pweto, kwao, upande wa Kongo. Walitoka na furushi la nguo, sufuria, mkeka na kopo la tumbaku lililofungwa kwa kitambaa. Ndani ya kopo hamkuwa na tumbaku. Mlikuwa na udongo wa nyumba yao uliochanganywa na majivu, na katika udongo huo papasi tisa, bapa na wa kijivu kama mbegu za zamani. Mdudu huyo hukaa miaka bila kula wala kufa. Wazee wa upande wa Germaine walikuwa na desturi: anayehama nyumba huchukua kimputu wa sakafu yake, na huko aendako hukubali kuumwa mara moja moja. Mwili uliozoea kuumwa haupati homa. Mwili uliosahau, siku ukirudi nyumbani, homa huuangusha. Kwa hiyo lile kopo lilikuwa ahadi. Mtu habebi kimputu wa nyumbani kama hana nia ya kurudi nyumbani.

Sasa Germaine aliona kwamba hata kopo hana haja ya kulifungua. Sakafu ya wenyeji ilikuwa na wa kwake.

Wenyeji hao walikuwa Chilufya na mumewe Kapembwa, watu wa Nchelenge, upande huu wa ziwa. Chilufya aliuza dagaa wakavu, wale wanaoitwa chisense, na kwa miaka kumi na nane Germaine alikuwa akimletea mafuta ya mawese na sabuni kutoka ng'ambo na kurudi na samaki na unga. Walijuana kwa biashara, wakaishia kujuana kwa magonjwa ya watoto. Siku ile mtumbwi ulipofika na wakimbizi, Kapembwa mwenyewe aliingia majini hadi magotini, akabeba furushi la Germaine kichwani na kumpakata Arlène kwa mkono mmoja. Watu wa ufukweni walimtania kwamba ameoa mke wa pili. Alicheka hadi nyumbani.

Aliwapa stoo, chumba cha matofali ya udongo nyuma ya nyumba kubwa. Huko waliweka magunia ya dagaa na mihogo, na pembeni palikuwa na jiko la kukaushia samaki siku za mvua, kwa hiyo chumba kilikuwa na joto jema. Chini ya magunia waliishi panya. Mashimo yao yalikuwa wazi sakafuni, na Chilufya aliyaombea radhi kwa aibu.

"Panya nao banakimbia njaa," Germaine alimjibu. "Tutaishi nabo."

*

Chilufya alikuwa na binti mmoja, Mwaka, mwenye mimba ya kwanza ya miezi sita. Mumewe Fanwell alikuwa akivua dagaa kwa taa kwenye kambi za kisiwa cha Chisenga, na alirudi nyumbani mwezi unapokuwa mpevu tu, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya dagaa na taa haina kazi. Mwaka aliumwa mgongo. Baada ya kula alikuja stoo, akalala ubavu kwenye mkeka wa Germaine, akakandwa kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Alisikia Arlène akimwita bibi yake nkambo, kama watoto wa kwao wanavyoita, naye akaanza kuita hivyo hivyo.

"Nkambo, kanda pale chini kidogo. Huyu mutoto anacheza mpira."

"Ni musichana. Anapiga mbiu tu."

Mara nyingi Mwaka alisinzia palepale hadi asubuhi. Germaine alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe, yeye akalala na baridi ya mlangoni. Aliziona alama nyekundu kwenye mapaja ya Mwaka, wala hakusema neno. Alifikiri: huyu ni mtoto wa nyumba hii, papasi wa nyumba hii ni wake tangu akinyonya. Hiyo ilikuwa fikra ya mtu wa Pweto, na huko ingekuwa kweli. Hakuuliza. Mwaka alikuwa amekulia nyumba kubwa, yenye sakafu ya saruji na kitanda chenye miguu. Stoo ilikuwa ya samaki. Kabla ya wageni kufika, hakuna binadamu aliyewahi kulala humo.

Homa ilimshika siku ya Jumatatu. Kichwa kilimgonga, akatapika hata maji. Kliniki walisema ni malaria, wakampa klorokwini. Siku ya tano homa ikakatika ghafla kwa jasho lililolowesha godoro, na akina mama wa kanisa wakaja kuimba uani. Germaine aliimba pamoja nao kwa Kibemba alichokijua nusu nusu, na Chilufya akamsogezea kichwa cha samaki, sehemu aipendayo, mbele ya wageni wote.

Siku nane baadaye homa ikarudi.

Hapo ndipo Germaine alipojua. Homa inayoondoka na kurudi kama mchuuzi mwenye siku zake, aliwahi kuiona. Ilimwua mke wa kaka yake, mwanamke aliyeletwa kutoka mjini, pamoja na mimba yake. Alimfuata Chilufya alipokuwa akichambua dagaa kwenye turubali, akamwita mama wa Mwaka, kwa Kibemba.

"Bana Mwaka, hii homa miye naijua. Aiko malaria. Ni ya kimputu, mududu ya mu udongo. Anakaa na panya mu shimo. Iko mu stoo."

Chilufya hakuinua macho. Mikono yake iliendelea kutenga wazima na waliovunjika.

"Mu stoo yangu?"

"Njo mule. Tuchemshe maji, tumwage mu mashimo yote, kisha tusiribe sakafu na kuta kwa udongo mupya. Miye nitafanya yote. Na Mwaka asilale tena mule."

"Miaka kumi na mbili niko na hii stoo," Chilufya alisema taratibu. "Panya ni walewale. Hatukuona hiyo homa. Sasa niambie, Mama Germaine, imekuja na nani?"

Germaine aligeuka, akarudi stoo. Kopo la tumbaku lilikuwa chini ya mkeka wake, na moyo wake ulikuwa humo ndani.

*

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ilianza kuonekana. Kwanza sahani: Germaine na Arlène wakapewa yao, ya bati iliyobanduka rangi, ioshwe peke yake na kuanikwa juu ya paa la choo. Kisha kikombe. Kisha watoto wa jirani wakaambiwa wasicheze na Arlène, nao wakaruka kamba yao mbele ya macho yake ili ajue. Kapembwa aliacha kumsalimia Germaine kwa mikono miwili. Alipopita karibu naye alitema mate pembeni, si mbele yake, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu.

Chumba cha kulala cha Mwaka kilikuwa na dirisha dogo kuelekea uani. Jioni, mama yake alipokuwa sokoni, aliita kwa sauti ya chini, "Nkambo, uko?" Germaine alisimama nje, chini ya dirisha, akazungumza na ukuta. Siku moja mkono ulitoka kati ya nondo ukiwa na kipande cha sabuni ya kuogea, kwa ajili ya Arlène. Germaine alikibusu kile kipande cha sabuni kabla ya kukificha.

Homa ya pili nayo iliisha yenyewe. Ilipoisha ndipo walipompeleka Mwaka kliniki kupimwa damu. Mganga, kijana aliyeitwa Jairos, alikuwa na hadubini moja na foleni iliyofika barabarani, na kwenye kioo chenye tone la damu hakuona kitu. Germaine alikuwa amewafuata nyuma, hatua ishirini, kama mbwa aliyefukuzwa anavyofuata. Jairos alipotoka kuvuta sigara, Germaine alimpigia magoti. Alimwambia kwa Kiswahili chake kwamba damu ya homa hii huchukuliwa wakati mwili unawaka. Ukipoa, mdudu wa damu hujificha. Jairos alikuwa amefanya kazi mpakani na Kiswahili alikielewa vizuri, ila alimwita mama kwa Kibemba.

"Ulisomea wapi, bamayo?"

"Sikusoma, dokota."

"Basi wewe ni dokota wa Pweto na mimi ni wa hapa. Tugawane wagonjwa."

Foleni ikacheka. Chilufya pia alicheka, kicheko kifupi, na hicho ndicho kilichomwingia Germaine.

*

Homa ya tatu ilikuja mimba ikiwa na miezi minane. Safari hii Mwaka alipayuka, akamwita Fanwell, akawaita watu waliokufa. Walimkalisha kwenye baiskeli, Kapembwa akasukuma na Chilufya akamshikilia kwa nyuma. Germaine aliingia stoo, akanyanyua mkeka. Alikaa chini na lile kopo mapajani kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu. Alijua vizuri kitakachofuata akilifungua. Alijua pia mke wa kaka yake alivyokufa. Alimwambia Arlène akae mlangoni asihame, akalifunga kopo katika pindo la kitenge na kutoka mbio, yeye mwenye miaka sitini.

Kliniki ilikuwa imejaa. Jairos alikuwa ameshika kitabu cha wagonjwa na kwinini tayari mezani.

"Dokota, mutoe damu sasa," Germaine alisema. "Sasa vile anawaka. Miye sijui kusoma, lakini huyu mududu namujua. Angalia."

Akafungua kopo, akamimina udongo kidogo juu ya meza. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mbegu moja ya kijivu ikaota miguu minane, ikatembea.

Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakanyanyua watoto wao. Jairos aliinama, na dharau ikamtoka usoni. Alikuwa amewahi kumwona mdudu huyo mara moja, kwenye mchoro, shuleni. Alichoma kidole cha Mwaka. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akainuka, akakaa tena. Akamwita muuguzi aje aone: kati ya chembe za damu kulikuwa na nyuzi nyembamba zinazojisokota, hai, nyingi.

"Ni kweli," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeokota pesa. "Papasi. Sijawahi kuona hii hapa kwetu." Halafu akamgeukia Germaine, akauliza kwa nguvu, kila mtu akasikia: "Na wewe umewatoa wapi hawa, bamayo?"

"Pweto. Mu nyumba yangu."

Kapembwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina mafuta ya mnyororo. Aliangalia kopo, akaangalia tumbo la binti yake.

"Lakini hawa sikubafungua," Germaine aliharakisha. "Ya mu stoo ni ingine, ilikuwa mule mbele yangu. Dokota, tuma mutu aende achimbe mu mashimo ya panya, ataona."

"Nitaandika," alisema Jairos, naye kweli aliandika. Aliandika kwamba ugonjwa umetoka Kongo.

Walimchoma Mwaka sindano ya penisilini. Haikupita saa mbili, akaanza kutetemeka kwa namna ambayo kitanda cha chuma kilisafiri sakafuni. Jairos alieleza kwamba ni wadudu wanakufa kwa wingi ndani ya damu, lakini wakati huo hakuna aliyemsikiliza. Uchungu ukamshika humohumo katika kutetemeka. Mtoto alitoka kabla ya jua kuzama, msichana, mwepesi kama njiwa, akalia mara moja kana kwamba anaomba radhi. Mama alipona. Mtoto alipumua.

Germaine alisikia kilio hicho akiwa nje, chini ya ukuta, kwa maana walikuwa wamemtoa. Alicheka peke yake. Msichana, alisema tangu mwanzo.

*

Kesho yake walimhukumu uani, Chilufya ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, Kapembwa amesimama. Majirani walikaa juu ya ukuta mfupi kama watu wa mpira.

"Ulibeba ile kopo kutoka kwenu?" Chilufya aliuliza.

"Nilibeba."

"Ulijua kinachokaa ndani?"

"Nilijua."

"Na mutoto wangu alilala kando yake. Ukamukanda mugongo. Ukaona anaumwa na wadudu, ukanyamaza."

Germaine alikaa chini mavumbini.

"Niliona," alisema. "Nilifikiri ameshazoea. Nilikosa, Bana Mwaka. Njo kosa yangu, hiyo moja. Lakini ile bwati, mu stoo sikuifungua hata siku moja. Chukua jembe, chimba mu shimo ya panya, utaona babu zao na babu za babu zao."

"Mulozi akikuonyesha shimo," Kapembwa alisema, "ujue alisha kuchimba."

Watu wa ukutani walikubali kwamba hilo ni neno. Kapembwa akaingia stoo, akatoa mkeka, akatoa furushi, akavitupa uani, akavimwagia mafuta ya taa, akavitia moto. Kopo alilirusha juu ya moto kwa jembe ili asiliguse. Papasi walipasuka motoni mmoja mmoja, kama chembe za chumvi, na Arlène aliyekuwa amezoea kuhesabu kwa vidole alihesabu hadi saba. Germaine alitazama nyumba yake ya Pweto ikiteketea. Siku vita vitakapoisha, mtoto huyu atarudi na mwili uliosahau.

"Bana Mwaka, nitakwenda," alisema. "Iko kamyo ya wakimbizi kesho, inabeba batu kambini. Leo nipe siku hii moja tu. Nisiribe sakafu. Maji ya moto nitateka miye, udongo nitachota miye. Usiku nitalala njiani. Usinipe hata chakula."

Sauti ya Chilufya ilipotoka haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

"Miaka kumi na nane nimekula mafuta yako," alisema. "Usiguse tena kitu cha nyumba yangu. Hata udongo."

*

Lori la wakimbizi lilisimama asubuhi kwenye barabara ya soko, hatua mia kutoka kwa Chilufya. Karani wa wakimbizi alisoma majina; aliyeitwa alipanda na hakuruhusiwa kushuka, kwa sababu siku iliyotangulia wengine walishuka kununua mihogo na watu wengine wakapanda kwa majina yao. Germaine na Arlène waliitwa mapema. Hawakuwa na mzigo, wakapewa nafasi nzuri, ubavuni, penye kuona.

Baada ya muda msichana wa jirani alikuja mbio na kifurushi cha karatasi, akakirusha juu bila kutaja aliyekituma. Ndani mlikuwa na ugali uliofinyangwa na kichwa cha samaki. Germaine alikijua kichwa kile kimetoka chungu gani. Alimpa Arlène ugali, yeye akashika kichwa cha samaki mkononi, hakukila.

Kisha wakaona baiskeli inarudi kutoka kliniki. Kapembwa alisukuma. Mwaka alikaa nyuma na kifuani alikuwa na furushi dogo la kitenge, na Chilufya alitembea kando ameweka kiganja juu ya furushi ili jua lisilipige. Walikwenda polepole kama watu wanaobeba maji. Germaine alimshukuru Mungu kwa mwendo ule.

Baiskeli ilipita mlango wa nyumba kubwa. Ikazunguka nyuma.

"Nkambo," alisema Arlène, mdomo umejaa ugali, "banamupeleka mule mwetu."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Chilufya aliingia na mkeka mpya, bado umefungwa kwa kamba ya dukani, akatoka, akaingia na mablanketi. Muuguzi alikuwa amewaambia mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anataka joto usiku na mchana, na katika nyumba yote chumba chenye joto kilikuwa kimoja. Uchawi walikuwa wameuchoma. Sakafu haikuwa imeguswa. Magunia yalikuwa palepale na mashimo palepale.

Germaine alisimama. Alipiga kichwa cha gari kwa kiganja, akapiga tena kwa ngumi. Karani akaja na karatasi yake.

"Umesahau nini, mama?"

"Nishuke kidogo tu. Pale. Neno moja."

"Jina limesomwa. Ukishuka, hauko kwangu na hauko kwao."

Alimwangalia Arlène, nguo yake moja, mguu wake mdogo wenye alama nyekundu. Akapaaza sauti kuelekea ile nyumba, akamwita Chilufya kwa jina lake la mama, akapiga kelele: chini, sakafuni, mashimo. Lori lilikuwa limewaka na linanguruma. Kwa mbali Mwaka aligeuka, akaona mkono unapungwa. Akatazama kwanza kama mama yake haangalii, halafu naye akainua wa kwake, akaupunga kwa furaha, akainama kuingia.

Papasi hutoka mapema penye joto. Lori lilipokata kona ya soko, moshi mweupe ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye paa la stoo, mzito na mwingi. Chilufya alikuwa ametumia kuni nzuri, zile za kuuzia, ili mjukuu wake asipate baridi.